Dayosisi ya Bukoba, mto na mstari

Sisi Wahaya wa Kyotera, Uganda, tukikutana kwenye chai, mazungumzo hayachelewi kufika Bukoba, na yakishafika huko huishia kanisani: dayosisi za Kilutheri ziendelee kumegwa, au zimetosha? Wiki iliyopita mzee mmoja alifoka kwamba siku hizi kila kilima kinataka askofu wake. Kijana mmoja wa bodaboda akaomba radhi, kisha akasema: "Mzee, marehemu babu yangu wa Karagwe alimwona askofu mara moja tu, siku ya kuweka wakfu kanisa."

Kijana ana hoja. KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ilipoundwa Juni 1963 kwa muungano wa makanisa saba, kila kilichohusu kona yetu kilisimamiwa kutoka Bukoba mjini, ziwani kabisa. Josiah Kibira, aliyempokea uaskofu Msweden Bengt Sundkler mwaka 1964, alibeba eneo lote hilo, na kuanzia 1977 akabeba pia urais wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Karagwe iko magharibi, milimani, karibu na Rwanda. Mwaka 1979 ikawa dayosisi yake. Mimi sioni kosa hapo.

Mzee naye hakubwabwaja. Dayosisi mpya ni ofisi, gari, mishahara na halmashauri, na mlipaji ni usharika uleule. Nimesimama mara nyingi nje ya kanisa kule nyumbani baada ya ibada, mkungu wa ndizi ukinadiwa: anaununua mama mmoja, anaurudisha, unanadiwa tena. Mkungu mmoja, mnada mara tatu. Ukiwaza kwamba sehemu ya hela hiyo itakwenda kununua kiti cha askofu mwingine, unamwelewa mzee. Tena mgawanyo una moto wake. Wameru wa Arusha walipodai dayosisi yao mwanzoni mwa miaka ya 1990, ugomvi ulitoka kanisani ukafika vijijini. Huku Uganda Waanglikana wameigawa Ankole na Kigezi vipande kadhaa, na sijasikia mahali palipogawanywa bila kunung'unika.

Ila wote wawili walibishana juu ya mipaka ya ndani tu. Mpaka uliotukata kweli hakuuchora askofu yeyote. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kufuata digrii moja kusini mwa ikweta, magharibi mwa ziwa, bila kujali mto Kagera unapita wapi. Wasomaji, yaani waumini, wa kwanza wa Kiprotestanti Buhaya walikuwa wameshafundishwa Buganda. Wamisionari wa Betheli, Wajerumani, walipofika Bukoba mwaka 1910 waliwakuta watu ambao tayari walikuwa na vitabu vya Kiganda. Upande wa kaskazini wakabaki Waanglikana, kusini wakawa Walutheri. Amin aliposema mwaka 1978 kwamba mpaka wake ni mto, alitaka kuuhamisha mstari huo kwa mizinga, na watu wa Missenyi, kaskazini mwa mto upande wa Tanzania, wakavuka Kagera wakikimbia na watoto mgongoni.

Basi mimi hukaa Kyotera, Jumapili nasali na Waanglikana, na nikienda kuzika Kiziba, upande wa Tanzania, nahesabiwa Mlutheri bila kuulizwa. Bibi yangu aliyelala huko alibatizwa Kilutheri, akafa Mlutheri. Biblia yake, iliyokaa kwenye kikapu kando ya kitanda hadi jalada likang'oka, ilikuwa ya Kiganda.