Basi la mita 18 litapita wapi Mombasa?

Kila foleni ya Daraja la Nyali inapozidi kipimo, hakosi mtu wa kusema: tuletewe mabasi marefu kama ya Dar es Salaam, yale yenye kiungo katikati, tupumue. Mimi hupanda matatu kati ya kisiwani na Kisauni karibu kila siku, na wazo hilo silidharau hata kidogo.

Hesabu yake ina nguvu. Basi la aina hiyo lina urefu wa mita 18, na likijaa hubeba watu kama 140, wengi wao wakiwa wamesimama. Abiria hao ukiwagawa kwenye matatu za viti 14, utahitaji matatu 10, na ukizipanga bampa kwa bampa zitakula karibu mita 50 za barabara. Magari hutoka kisiwani kwetu kwa kupitia Nyali, Makupa na Kipevu, kisha feri ya Likoni, basi. Kila mita inayookolewa darajani ni dakika anayoipata mtu wa Mishomoroni au Bamburi kufika kwake kabla watoto hawajalala. Mafuta nayo yanapungua: basi refu hunywa takriban lita 50 za dizeli kwa kilomita 100, ambayo ni kama nusu ya zile zinazoteketezwa na matatu 10 zikijumlishwa.

Mwenye shaka na aende Buxton, upande wa kisiwani wa Daraja la Nyali, saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha. Makanga ametaja nauli mpya, watu wanang'ang'ania mlango, na mama mwenye mtoto mgongoni anaachwa matatu ya tatu mfululizo kwa sababu hawezi kukimbia. Kwa mama huyo, basi lenye milango mipana na nauli isiyopanda na mawingu lingekuwa ukombozi.

Lakini hesabu hiyo inasimama basi likiwa limejaa na likiwa linatembea. Saa nane mchana, likiwa na watu 30, akiba ya dizeli inayeyuka. Na sisi tuna desturi yetu ya kujaza ndipo gari liondoke. Matatu ya viti 14 hujaa upesi; basi la watu 140 likisubiri kujaa stejini, abiria wa kwanza kuingia atakuwa amefika kwake kwa miguu. Kwa hiyo lazima liondoke kwa ratiba, lijae lisijae, na mtu awe tayari kulipia viti vitupu. Tajiri wa matatu anayesubiri hesabu yake ya jioni hawezi kuubeba mzigo huo, labda serikali.

Kinachoipa Dar faida ni barabara. Tangu 2016 mwendokasi, yaani mabasi hayo ya Dar, hupita kwenye njia yake yenyewe kutoka Kimara hadi Kivukoni, abiria analipa kabla ya kupanda, na sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi. Hata hivyo, msongamano vituoni na uhaba wa mabasi vimekuwa kilio cha miaka, na karakana ya Jangwani ilijengwa bondeni ambako mafuriko yanaifuata. London iliyachanganya mabasi kama hayo na magari mengine mitaani, na kufikia mwisho wa 2011 ilikuwa imeyaondoa yote. Sasa yalete Barabara ya Digo, kati ya mikokoteni, tuktuk na lori linaloshusha mchele. Basi la mita 18 likikwama katikati ya makutano ya Kongowea, limeziba pande zote nne.

Ipo na sheria. Kanuni za 2004 za waziri John Michuki zilipiga marufuku abiria kusimama. Bila kuzibadilisha, hao 140 watapungua sana, na faida yote niliyoitaja itakwenda nao.

Likoni ndiko kunakoniumiza zaidi. Maji yakipwa sana, hasa siku za bamvua, njia ya kuingilia feri huwa na mteremko mkali hata gari la kawaida hukwaruza tumbo. Kiungo cha basi hilo hupinda vizuri kushoto na kulia, ila juu na chini hupinda kidogo tu. Watu wa Likoni na Kwale, wanaoteseka kuliko wote kwa kuvuka, wangeishia kuliona ng'ambo.

Kuhusu dizeli, naelewa kwa nini mafundi wanaipenda: wanaijua, na mafuta yapo kila kituo. Ila basi huishi miaka zaidi ya kumi, na umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa unatokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Nairobi mabasi ya umeme yanabeba abiria tayari. Kununua leo kundi zima la dizeli ni kujifunga mapema mno.

Mimi ningeanza na njia. Daraja la Nyali lina njia tatu kila upande. Moja itengwe, asubuhi na jioni tu, kutoka Kongowea hadi Buxton, ipitwe na matatu zilizopo pamoja na mabasi ya kawaida ya mita 12, na askari asimame pale kweli, asiwe wa kupigwa picha siku ya uzinduzi. Tupime kwa miezi mitatu. Njia hiyo ikijaa mabasi hadi yashikane mkia, hapo nitakuwa wa kwanza kudai la mita 18.