Panda habadiliki kuwa ng'ombe

Wapo wanaomwona panda mkubwa wa China kama kosa la maumbile: mnyama wa ukoo wa dubu, mwenye utumbo mfupi wa mla nyama, anayeshinda akitafuna mianzi ambayo sehemu kubwa hutoka bila kumeng'enywa. Hoja hiyo ina uzito. Jenomu yake, yaani jumla ya jeni zake, iliyochapishwa mwaka 2010, haikuonyesha jeni ya kutengeneza vimeng'enya vya kuvunja selulosi, yaani nyuzinyuzi za mimea. Hunufaika na takriban asilimia 17 tu ya anachokula, hivyo hulazimika kula kilo 12 au zaidi kwa siku.

Hata hivyo, kumpima kwa kipimo cha ng'ombe, anayeishi kwa nyuzinyuzi, ni kumwonea. Panda hategemei nyuzinyuzi. Katika milima ya Qinling, mkoani Shaanxi, huhama kwa msimu akifuata machipukizi na majani machanga, yaani sehemu zenye protini nyingi. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa karibu nusu ya nguvu anayopata hutokana na protini, kiwango kinachokaribia cha wala nyama halisi. Kwangu hiki ndicho kiini cha suala: amebadili chakula, lakini virutubisho anavyovitafuta ni vilevile.

Kisha hubana matumizi. Hutembea kidogo, homoni za tezi ya shingoni, zinazoongoza kasi ya mwili kutumia nguvu, ziko chini, na vipimo vya mwaka 2015 vilikuta anatumia asilimia 38 tu ya nguvu inayotarajiwa kwa mnyama wa uzito wake. Mfupa wa kifundo cha mkono umerefuka ukawa kama kidole gumba cha kushikia mwanzi, na mabaki kutoka Yunnan yanaonyesha ulikuwapo miaka milioni 6 iliyopita. Ni vigumu kuliita kosa jambo lililodumu hivyo.

Hatari ya kutegemea chakula kimoja ipo, tena kubwa. Mianzi ya aina moja huchanua kwa pamoja na kufa, kama ilivyotokea katika milima ya Min miaka ya 1970, na panda wengi wakafa njaa. Zamani wangehamia bonde jingine. Siku hizi barabara na mashamba vimekata misitu vipandevipande, na hesabu iliyotangazwa mwaka 2015 ilipata panda 1,864 tu porini. Kwa hiyo Hifadhi ya Taifa ya Panda, iliyoanzishwa rasmi mwaka 2021, naipima kwa mapito inayofungua kati ya misitu hiyo kuliko kwa watoto wanaozaliwa vizimbani.