Chupa ya Beki

Muuza magazeti mmoja wa karibu na Soko Kuu, Arusha, huyabana magazeti yake kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kurasa za mbele zikitazama barabara. Kabla ya saa mbili asubuhi watu wameshajaa pale, mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari bila kununua. Hawafukuzi. Anajua ubishi ukikolea, mmoja atashindwa kuvumilia, atatoa hela ili amwonyeshe mwenzake ukurasa wa ndani.

Siku ninayoikumbuka, ubishi haukuhusu mechi, ingawa jana yake mechi ilikuwepo. Ulihusu straika mmoja wa Ligi Kuu na mwanamke waliyeachana. Mzee mwenye kofia nyekundu akasema, "Mguu usiolala haufungi." Kijana wa bodaboda, helmeti mkononi, akamjibu, "Mzee, na wewe ukifunga duka gazeti liandike umelala wapi?" Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, ila hakurudi nyuma: "Duka langu hulipi kiingilio kuja kulitazama."

Nimekuwa nikiutafakari ubishi ule kwa sababu wawili wale walisema karibu yote yanayosemwa na wahariri, mawakili na wasemaji wa klabu, tena kwa maneno machache zaidi.

Hoja ya mzee ni nzito kuliko tunavyopenda kukiri sisi tunaojiona wastaarabu. Mwaka 2021 Azam Media walisaini mkataba wa shilingi bilioni 225.6 wa kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka 10. Mwaka uliofuata M-Bet wakaingia Simba kwa bilioni 26.1 za miaka mitano. Fedha hizo zimefuata macho na mapenzi ya watu kama yule mzee. Mchezaji mwenyewe analijua hilo, ndiyo maana hupost gari jipya, saa, mtoto anavyokata keki, na katikati ya keki tangazo la kampuni inayomlipa. Mlango wa sebule ameufungua yeye. Sasa siku maswali magumu yanapobisha hodi, anakumbuka faragha. Hapo mzee ana haki ya kuguna.

Na kuna mahali ambapo bila waandishi wakorofi haki isingesogea. Robinho, yule Mbrazili aliyepita Real Madrid, Manchester City na AC Milan, alihukumiwa na mahakama ya Milan mwaka 2017 kifungo cha miaka tisa kwa kushiriki na wenzake kumbaka mwanamke, tukio la mwaka 2013. Oktoba 2020, rufaa ikiwa bado inaendelea, Santos iliyomlea ikamsajili tena kwa shangwe. Kwa viongozi wale, hayo yalikuwa mambo ya nje ya uwanja. Ndipo waandishi wa Brazil wakachapisha mazungumzo yake yaliyonaswa na wachunguzi wa Italia, mazungumzo ya mtu anayecheka kuhusu mwanamke asiyejiweza kwa ulevi. Wadhamini wakaanza kutishia kuondoka, na wiki moja haikwisha mkataba ukasimamishwa. Machi 2024 akaanza kutumikia kifungo nchini kwake. Angalia kilichomsukuma nani: hukumu ilikuwepo kwa miaka mitatu bila klabu kushtuka, ila ilipochapishwa kwa maneno yake mwenyewe, mlango ukafungwa ndani ya siku chache.

Kwa hiyo anayesema "waandishi waishie kwenye mstari wa pembeni" anasema, bila kukusudia, kwamba yule mwanamke wa Milan angenyamaza tu.

Lakini kalamu hiyo hiyo ilimpitia Benjamin Mendy, beki Mfaransa. Agosti 2021 alishtakiwa kwa ubakaji, Manchester City wakamsimamisha, baadaye wakakata mshahara. Januari 2023 baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia kwenye mashtaka mengi, na Julai mwaka huohuo akasafishwa na yaliyobaki. Novemba 2024 akashinda pia sehemu kubwa ya dai lake la mishahara. Ingia leo kibanda umiza chochote cha Ngarenaro uulize habari zake. Mimi nimeuliza. Wawili waliniambia alifungwa, mmoja akanitajia na miaka. Habari ya kushtakiwa ilifika Arusha siku ileile. Ya kuachiwa, naona ilipotelea njiani. Hakuna aliyewadanganya. Ya kwanza ilipewa nafasi kubwa, ya pili ikapewa aya mbili, na msomaji wa vichwa vya habari hafiki kwenye aya.

Sitaki kufanya kana kwamba kesi hizo mbili zinafutana, maana hazifutani. Ya kwanza inadai tuandike na ya pili inadai tumalize tulichokianza, na vyumba vyetu vya habari ni hodari sana kwenye kuanza.

Tuje nyumbani, maana huku ndiko ugonjwa ulivyo na sura yake. Klabu zetu zina neno moja zuri: utovu wa nidhamu. Desemba 2020 Simba ilimsimamisha Jonas Mkude kwa utovu wa nidhamu. Desemba 2023 ikawasimamisha Clatous Chama na Nassoro Kapama kwa utovu wa nidhamu. Neno hilo ni gunia. Ndani yake unaweza kuweka kuchelewa mazoezini, kugombana na kocha, kudai mshahara kwa sauti kubwa, au kosa la jinai. Taarifa inatoka na mistari minne, muhuri chini, halafu simu za viongozi hazipokelewi. Kufika jioni kila kijiwe kina toleo lake: alikuwa disko usiku, amechukua hela kwa watani, ana mke wa mtu. Msemaji wa klabu akiulizwa kesho yake analalamikia udaku, wakati gunia amelifunga yeye na kutuachia tukisie kilichomo.

Siwatetei waandishi hapa. Nasema tu kwamba umbea huota mahali ambapo maelezo yamenyimwa maji. Klabu ingesema "amekosa mazoezi mara mbili bila ruhusa, amepigwa faini", nusu ya ubuyu ungekosa mnunuzi. Mchezaji naye angejua ametuhumiwa nini, maana leo anayedhaniwa mlevi na aliyechelewa ndege wanabeba jina moja.

Halafu kuna suala la Feisal Salum, Fei Toto, ambalo kwangu ndilo somo kubwa la habari za nje ya uwanja hapa nchini. Desemba 2022 alitangaza kuondoka Yanga, ikawekwa shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu kama gharama ya kuvunja mkataba. Yanga wakakataa, shirikisho la soka, TFF, likaamua kuwa bado ni mchezaji wao, rufaa ikagonga mwamba, na mwisho ni hadi Rais Samia alipowaomba Yanga walimalize, ndipo Juni 2023 akaenda klabu ya Azam. Nusu mwaka mzima nchi ilikuwa na nafasi ya kujifunza mkataba wa mchezaji ni kitu gani: kifungu cha kuvunja kinasomwaje, kinamlinda nani, nani anakaa na kijana wa Kizanzibari mezani siku anaposaini. Tukajifunza nini? Ugali na sukari. Kauli kwamba alikuwa akila ugali kwa sukari ilipotoka upande wake, ikawa kibwagizo. Ikachorwa katuni, ikaimbwa jukwaani, mashabiki wakaja uwanjani na sukari. Na mimi nilicheka, siwezi kukana. Lakini hata leo, kwenye meza ya watu kumi wanaojua Fei alikula nini, sijui kama utampata mmoja anayeweza kukueleza kifungu kile kilisemaje.

Sababu yake ni ya kawaida kabisa, ni hela. Habari ya chumbani inahitaji picha moja na mtu mmoja wa kunong'ona. Habari ya mkataba inahitaji mwandishi asome kurasa, apige simu kwa wakili, asafiri, na akikosea kidogo klabu yenye mamilioni ya mashabiki imgeukie. Mwandishi wa habari za michezo wa mkoani, anayelipwa kwa idadi ya habari, atachagua ipi? Mchezaji ni shabaha rahisi kwa sababu yuko peke yake. Mwenyekiti wa klabu ana bahasha, ana wakili, na ana uwezo wa kukunyima kitambulisho cha kuingia uwanjani.

Sheria zipo, kwa wanaozipenda. Katiba yetu imeweka faragha kwenye ibara ya 16 na uhuru wa maoni kwenye ibara ya 18, majirani wa karibu kabisa, na mwaka 2022 Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sijasikia mchezaji wa ligi za chini akiishika sheria hiyo mkononi.

Namfahamu mmoja ambaye ingemfaa. Ni beki, alikuwa akicheza timu moja ya hapa mjini, ligi ya chini ambako posho huja ikipenda. Machi moja timu ilifungwa tatu kwa sifuri. Asubuhi yake ukurasa mmoja wa mtandaoni wa habari za michezo za mkoa ukaweka picha yake akiwa na chupa ya bia, ameinua mkono, mdomo wazi kwa kicheko. Maneno chini yake: "Jana tatu bila, leo huyu hapa." Mpaka mchana ilikuwa kwenye kila grupu la WhatsApp kuanzia Sakina hadi Kijenge. Kocha akamweka benchi mechi tatu.

Niliitazama picha ile mara nyingi, na ukiikuza kidogo unaona. Beki amevaa shati la kitenge, maua ya njano kwenye bluu. Nyuma yake, kwa ukungu kidogo, kuna kina mama wawili wamevaa kitenge hichohicho, na ukutani kipande cha pazia jeupe lenye riboni. Hiyo ni sare ya familia. Ilikuwa send-off ya dada yake, Juni ya mwaka uliotangulia, ligi ikiwa imeisha. Mtu yeyote aliyewahi kuchangia harusi Arusha au Moshi, yaani sote, angelijua hilo kwa sekunde tano. Aliyeiweka hakuuliza, kocha hakuuliza, na sisi tuliosambaza tulikuwa na haraka ya kucheka. Baada ya siku nne ukurasa uliifuta, kimya kimya, bila neno la samahani.

Mwaka 2018 Raheem Sterling, wakati huo mchezaji wa Manchester City, alilisema jambo kama hili kwa namna yake, aliponyanyua vichwa viwili vya gazeti moja la Uingereza. Wachezaji wawili chipukizi wa Manchester City, Tosin Adarabioyo na Phil Foden, kila mmoja alikuwa amemnunulia mama yake nyumba. Tosin, mweusi, aliandikwa kama mfujaji ambaye hata hajawahi kuanza mechi ya ligi. Foden, mweupe, akaandikwa kama mtoto mwema. Hakuna uongo kwenye habari zote mbili. Ni kama ile chupa: ilikuwa kweli chupa, ilikuwa kweli bia.

Kipimo changu, kama mtu atanilazimisha nikitoe, ni kuuliza nani ameumia. Aliyempiga mkewe aandikwe, hata kama ana mabao 20, na aandikwe bila utani; inaniudhi kuona kipigo kikiwekwa ukurasa mmoja na nani kanyoa vipi. Aliyeachana na mpenzi wake aachwe. Lakini nakiri kipimo hiki kinavuja. Chukua kubeti. Ivan Toney wa Brentford alifungiwa miezi minane mwaka 2023 kwa makosa 232 ya kubeti. Hapakuwa na majeruhi wa kuonekana, ila mchezaji anayebeti anatia doa kila matokeo tunayoyaamini. Na hapohapo alikuwa mgonjwa wa jambo ambalo vijana wengi wa Kaloleni wanalijua, kwenye maduka ambayo matangazo yake yako kifuani mwa jezi. Hiyo ningetaka iandikwe yote, na mgonjwa, na duka, na jezi. Gazeti linaloishi kwa tangazo la duka hilo litaandika sehemu ya kwanza tu.

Arusha inajiandaa kwa AFCON ya 2027, uwanja unajengwa Olmoti, na tutapata wachezaji wengi wakubwa wakipita Mnara wa Saa na simu zetu zikiwafuata. Yule mzee wa kofia nyekundu amenihakikishia atakuwepo. Bado anasimama pale kwenye kamba, bado hanunui.

Beki naye hachezi tena, ana pikipiki. Desemba iliyopita mdogo wake mwingine alikuwa na send-off, ukumbi uleule, nikaalikwa. Safari hii kitenge kilikuwa cha kijani. Alicheza, aliimba, aliwavunja watu mbavu kwa vichekesho vyake. Ila kila kamera ilipoinuka, mkono wake uliishusha glasi chini ya meza, haraka, bila yeye mwenyewe kuonekana kuwaza. Mara ya tatu nikainama kuokota kitambaa changu nikaitazama. Ilikuwa Stoney.