Gulio, fuso na lumbesa

Yakizungumzwa masoko ya wakulima huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, gulio, yaani soko la wazi la siku maalumu, husifiwa kwa huruma: linawapatia akina mama hela ya chumvi. Kisha wakubwa hugeukia fuso, lori linalobeba mazao kwenda mjini, eti hapo ndipo penye biashara yenyewe.

Hoja yao ina uzito. Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na viazi vya Uporoto na ndizi za Rungwe haviwezi kuliwa vyote na majirani. Nyanya ya Ilula haisubiri mtu. Dalali huleta gari hadi shambani, hubeba hasara mzigo ukioza njiani, na pengine ndiye aliyekopesha mbolea.

Sawa. Lakini shambani mkulima anauza kwa kipimo cha nani? Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Lumbesa, gunia la dalali lililojazwa kupita kiasi, ina kilima chake juu ya mdomo wa gunia, kimefumwa kwa kamba. Tuseme kilima hicho ni kilo 30 tu. Aliyehesabiwa magunia 10 ametoa kilo 300 asizolipwa: magunia matatu ya halali, pamoja na mbegu, palizi na dawa ya ukungu iliyoingia humo. Hapo bei haijatajwa bado! Sisi tunabishania bei msimu hadi msimu, na kinachoibwa ni ujazo.

Gulioni kipimo ni sado, yaani kopo dogo, na debe, mchana kweupe, na anayejaza ni muuzaji. (Sado zilizobonyezwa kitako zipo, wanunuzi wanazijua, wanahamia kwa jirani.) Akimaliza maharage yake, mama anapita kwa muuza usipa wa Ziwa Nyasa, kwa fundi viatu, kwenye mitumba, ndipo anatafuta bajaji. Hela imelala hapo hapo.

Tena aliyeuza debe gulioni Jumamosi anajua debe linakwenda shilingi ngapi. Dalali akija Jumatatu anamkuta na bei yake kichwani. Kijiji kisicho na gulio kinauliza bei kwa huyo huyo anayenunua.

Ndiyo maana siielewi halmashauri inayokata ushuru wa gulio mwaka mzima, huku wauzaji wakijifunika nailoni mvua ikinyesha. Paa linaweza kusubiri bajeti. Mzani mmoja, uwekwe pale pale zinapokatwa risiti, ungetosha kuanzia.