Bergen, mvua na ofisi yangu ya bafuni

Nyumbani wakinipigia simu hawanionei huruma hata chembe. “Wewe si unafanyia kazi ndani? Mvua inakuhusu nini?” Jamani! Anayekwenda kazini analowana mara mbili kwa siku, basi. Mimi nakaa nayo dirishani kutwa, tunatazamana.

Dar es Salaam kwa mwaka mzima hupata kama milimita 1,100 za mvua. Bergen, huku Norwe ninakoishi, inavuka 2,200. Upepo unasomba unyevu kutoka baharini, unakutana na milima inayouzunguka mji, mzigo wote unashushwa juu ya paa langu. Tarehe 29 Oktoba 2006 ilianza mvua hapa, haikupumzika hata siku moja mpaka Januari 21 mwaka uliofuata. Siku 85! Na watu waliendelea na shughuli zao, maana Mnorwe atakwambia hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Mwavuli usijisumbue kununua. Upepo unaupindua, unabaki umeshika vijiti.

Desemba ndiyo kiboko. Jua linachomoza saa nne kasorobo asubuhi, saa tisa na nusu alasiri limeshaaga, na hapo katikati ni wingu tu. Wenzangu wa kazi walioko Dar wakiita mkutano saa tatu yao, kwangu ni saa moja, giza totoro. “Kaka, mbona uko gizani? Luku imeisha?”

Baridi yenyewe si ile ya kugandisha, ni ya kimajimaji, inaingia mpaka kwenye soksi. Sasa nyumba nyingi huku bafuni zina nyaya za joto chini ya vigae. Ofisi nimeihamishia huko. Kompyuta iko juu ya mashine ya kufulia, miguu peku sakafuni, nguo zisizokauka zinaning’inia kichwani, na sauti yangu inarudi kwa mwangwi. Bosi akiuliza niko wapi, nasema chumba cha mikutano. Shida ni mke wangu anapogonga mlango akitaka kuoga katikati ya ripoti ya mauzo.

Utasema ningoje kiangazi. Haya, Juni jua linatua saa tano usiku, watoto hawataki kulala wala huna la kuwaambia, maana wanakuonyesha jua lile pale. Na likiwaka sawasawa mchana, mtaa mzima unapanda mlima Fløyen na soseji za kuchoma. Mimi? Mkutano.

Ila lililonimaliza ni la Aprili, masika ya Dar. Nimeamka, nimenyoa ndevu, nimekaa tayari bafuni, ujumbe unaingia: “Wakuu, leo tuahirishe. Mvua imenyesha tangu asubuhi, Jangwani hapapitiki.”

Tangu asubuhi! Na siku hiyo hata suruali nilikuwa nimevaa.