Modemu Imo, Modemu Haimo

Ubavuni mwa laptopu yangu kuna tundu dogo la kuchomekea waya wa simu. Juu yake wamechora kisimu. Karatasi iliyokuja nayo inasema: modemu ya ndani, kilobiti 56. Muuzaji alilionyesha tundu hilo kwa kidole wakati tunavutana bei, akasema, "Hapa mzee unachomeka tu, dunia yote inaingia." Haijaingia hata Igoma ya hapahapa Mwanza.

Kumbe nimeuziwa nusu. Ngoja nieleze polepole, maana mimi nilielezwa harakaharaka. Waya wa simu uliwekwa upitishe sauti za watu. Kompyuta haina sauti, ina tarakimu. Kazi ya modemu ni kuzigeuza tarakimu ziwe milio, milio ipite kwenye waya, halafu mwenzake wa upande wa pili aigeuze tena iwe tarakimu. Modemu za zamani zilikuwa visanduku vinavyojitegemea. Kina chipu yake, kinapiga hesabu zake, wewe unakiamuru tu. Ukiandika ATDT na namba, kinapiga simu. Amri hizo zilianza na modemu za Hayes mwaka 1981, na modemu yenye akili zake inazielewa hadi leo, uiwekee mfumo wowote.

Miaka ya 1990 wenye viwanda wakakaa kikao. Prosesa ya kompyuta si imekaa tu humo inakula umeme? Basi na ifanye kazi hiyo. Wakaing'oa chipu ya hesabu, wakabakiza tundu na vikorokoro vya kushikia waya, akili yote wakaihamishia kwenye programu inayokaa ndani ya Windows. Bei ikashuka, watu wakashangilia. Ukiiondoa Windows, umebaki na tundu.

Na mimi Windows sina. Niliyokuwa nayo ilikufa kwa virusi vya flashi ya ofisini. Nafanya ukarani kwa tajiri mmoja wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na ile flashi kila anayepita anaichomeka. Siku hizohizo mpwa wangu anayesoma Dar alikuja likizo na CD ya Ubuntu 6.06, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, imetumwa kwa posta kutoka ng'ambo, bure, mpaka stempu wamelipa wao. Mimi nikisikia bure huwa nauliza kwanza nani kafariki.

"Anko," akasema, "hii haina leseni ya kulipia, haisumbuliwi na hivyo virusi vyenu, na programu zake ziko wazi, unaweza kuzisoma mwenyewe mpaka ndani."

Nikamwambia mimi hata bili ya maji nasomewa.

Mfumo wenyewe sina ugomvi nao. Ukawaka, kahawia tupu, ukapiga kangoma, nikaandika barua yangu, nikapanga hesabu za magunia, hakuna kilichogoma. Kitu kimoja tu hakikuonekana, na ndicho nilichokuwa nakitaka. Kufikia hapo mpwa alishapanda basi. Mafundi wa familia wote ndivyo walivyo. Anakufungulia, anakuonyesha kwa vidole ambavyo huwezi kuvifuata, anakula ugali na sato, anaondoka.

Nikaipeleka kwa fundi mjini. Akaitazama bila kuigusa. "Mzee, rudisha Windows. Ninayo hapa, elfu tano." Nikamuuliza ya kwake haina virusi? Akasema havimo vingi. Kisha akainama uvunguni, akatoa kisanduku chenye vumbi na vitaa vyekundu mbele. Modemu ya nje! Nzima, yenye chipu yake na akili yake, ya kuambiwa ATDT ikasikia. Moyo wangu ukaruka. Tukatazama plagi yake, ya pini nyingi, ile pana ya kizamani. Tukaigeuza laptopu kushoto, kulia, chini. Tundu la plagi hiyo halipo, viwanda vimeshaliondoa, eti limepitwa na wakati. Kwa hiyo pale mezani palikuwa na modemu isiyo na pa kuchomeka, na pa kuchomeka pasipo na modemu. Fundi akaomba radhi kwa niaba ya viwanda.

Nikampigia mpwa. Akacheka, akasema, "Rahisi tu, anko. Draiva ndiyo programu ya kuiendesha modemu. Ingia kwenye intaneti uipakue."

Nikanyamaza, ili ajisikie alichosema. Hakujisikia.

Basi nikawa mteja wa kafe ya intaneti, buku kwa saa. Kushoto kijana anachati na mchumba wa Norway, kulia kijana mwingine anasoma skrini yangu kwa makini kunishinda mimi mwenye skrini. Kwanza unapakua kiprogramu kinaitwa scanModem, unakiweka kwenye flashi, unapanda hiace mpaka nyumbani Pasiansi. Kinachungulia mashine, kinaandika ripoti kwenye faili la ModemData.txt, kinakwambia chipu yako ya ukoo gani. Maana hizi nusu modemu zina koo: kuna za Lucent, kuna za Conexant, za PCTel, za Smart Link, za Intel, na kila ukoo una draiva yake isiyosikilizana na ya jirani. Ya kwangu siitaji ukoo wake, wasije wakanishtaki na mimi hata mzee wa baraza simjui.

Narudi mjini napakua draiva. Narudi nyumbani, draiva inasema haikai kwenye kerneli (kiini cha mfumo) yoyote tu inayookotwa, inataka kerneli iliyotengenezewa, na yangu ni 2.6.15-23, haimo kwenye orodha yake. Kama haimo, basi ipikwe hapahapa kwa kompaila, programu ya kugeuza maandishi ya mafundi yawe programu inayofanya kazi. Kompaila haijawekwa kwenye mashine. Narudi mjini. Kompaila nayo haiji peke yake, inadai faili fulani za kerneli, tarakimu zilingane mpaka ile ya mwisho. Narudi mjini. Konda wa hiace akaanza kunisalimia, "Shikamoo mzee wa flashi." Mama Kulwa naye akaanza kuuliza mjini kuna nini, kwa ile sauti ya chini.

Siku draiva ilipokubali nusura nichinje. Ikaandika mistari mingi, ikamaliza kwa taarifa fupi yenye adabu: hili ni toleo la bure, mwendo wake ni kilobiti 14.4 kwa sekunde basi. Ukitaka zile 56 ulizonunua, lipa dola zisizofika 20, kwa kadi ya benki. Mimi kadi niliyo nayo ni ya kliniki ya watoto. Na hebu ona hesabu yenyewe: wimbo mmoja wa megabaiti 4, kwa 14.4, ni dakika arobaini. Mwimbaji mwenyewe anaweza kutembea kutoka Kirumba akuimbie mlangoni.

Sawa, nikasema, hata polepole ni mwendo. Ikabaki kupiga simu. Kuna programu inaitwa wvdial. Unaiandikia namba ya simu, jina na nywila kwenye faili lake, unaiamuru kwenye dirisha la kuandikia amri, yenyewe inapiga. Ikajibu: hakuna mlio wa simu. Nikanyanyua mkono wa simu ya mezani nikasikiliza, mlio upo, unavuma vizuri kabisa. Tukabishana hivyo mimi na mashine, yeye anasema haupo, mimi namsogezea mkono wa simu kwenye skrini asikie mwenyewe. Mpwa akaniambia niongeze ATX3, amri ya kuiambia modemu isisubiri mlio, ipige tu. Maana modemu imefundishwa mlio wa nchi fulani, na wa kwetu haiutambui.

Ikapiga. Lakini nitajuaje kuwa inapiga? Kwenye Windows modemu huimba, ule mlio wa paka wawili ndani ya debe, unajua kazi inaendelea. Huku kwangu ikapiga kimyakimya. Ili nijue nanyanyua mkono wa simu nisikilize. Nawasikia paka wapo, nafurahi, na kule kunyanyua kwenyewe kunawakatisha, wvdial inaandika kwamba mawasiliano yamepotea. Nikiacha kunyanyua sijui, nikinyanyua naharibu. Nikaamua kukaa juu ya mikono yangu.

Halafu ikaunganishwa na kukatika papo hapo, kwa sababu wvdial inangoja kuulizwa jina na nywila kwa maandishi, na upande wa pili hauulizi hivyo, unataka mazungumzo ya PPP, lugha ya kompyuta kwa kompyuta kwenye waya wa simu, yaanze moja kwa moja. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye lile faili. Waliouandika wameuita, sitanii, Stupid Mode, yaani Hali ya Kijinga. Unaandika Hali ya Kijinga ndiyo, unahifadhi, inafanya kazi. Akili zote zile zilizozunguka na hiace, na kilichofungua mlango ni ujinga. Sikumwambia mpwa.

Usiku ule nikaingia. Mimi, Pasiansi, sebuleni, na chandarua nimekitoa chumbani nikajifunika maana mbu wa ziwani hawana msimu. Barua pepe yangu ikafunguka mstari kwa mstari. Na kabla sijasoma hata moja, kona ya juu ya skrini kukatokea kialama chenye heshima zake: mfumo wako una masasisho, je, tuyachukue? Vipande vingi, jumla megabaiti 60 hivi. Mtu akikuuliza kwa heshima namna ile utasema hapana? Saa sita usiku nikabonyeza ndiyo, nikalala. Kwa mwendo wangu ingemaliza saa tatu na ushee, asubuhi.

Sasa mama mkwe wangu anaishi Sengerema, na namba aliyoikariri ni ya simu ya mezani tu. Alianza kupiga saa kumi na moja alfajiri. Inatumika. Saa kumi na mbili, inatumika. Mwanamke akajiuliza, nani anaongea na nani huko tangu alfajiri kama si msiba? Akafunga kanga mbili, akapanda gari mpaka Kamanga, akavuka na feri, saa tatu asubuhi yuko mlangoni kwangu na kuku mkononi na michembe kichwani.

Mama mkwe wangu ni mtu wa mila. Hakai chumba kimoja na mkwe na hasemi naye moja kwa moja. Nikatoka nje, nikaamkia kwa mbali. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Akaingia, nikabaki dirishani nasikia.

"Mwanangu, msiba wa nani?"

"Hakuna msiba, mama."

"Sasa mumeo anaongea na nani usiku kucha?"

Mama Kulwa akasema ni kompyuta. Pakawa kimya. Dirishani mimi nachungulia skrini: asilimia 96. Nikaomba Mungu wapike uji. Hawakupika. Mama mkwe akaenda kwenye simu, akanyanyua mkono, akasikiliza muda mrefu.

"Huyu mwanamke ni mgonjwa," akasema. "Mpelekeni Bugando."

Akaurudisha mkono wa simu. Kwenye skrini: mawasiliano yamepotea.

Hapo nitasema jema moja la mfumo ule, haukuanza upya, uliendelea pale ulipofikia. Mchana nikamalizia asilimia nne zangu, wakati wageni wamelala. Ukaniomba niuzime niuwashe. Nikauzima, nikauwasha, kangoma kakapiga, kerneli mpya ikaingia kwa mbwembwe: 2.6.15-26. Na modemu haipo. Draiva ilipikwa kwa ajili ya 23, hii 26 haiijui, hawajawahi kukutana. Yaani nimetumia modemu usiku kucha kupakua kitu cha kuiua modemu.

Nikampigia mpwa kwa simu ya mkononi, na vocha zangu za mwisho. "Usihofu, anko. Ukiwasha, bonyeza Esc upesi, itakuja orodha, ile kerneli ya zamani bado imo, ichague." Nikabonyeza. Ilikuwemo. Tangu hapo kila nikiwasha naikataa mpya naichukua kuukuu, na kile kialama cha kona ya juu nikikiona nakigeuzia uso.

Jioni ile nikaingia tena, taratibu, na radi zinaanza kuungurumia upande wa Ukerewe. Majirani wote wanachomoa nyaya za simu, maana radi za ziwa hili hazichagui modemu nzima wala nusu. Mimi nimechomeka. Kuna barua mpya, ya mpwa. "Hongera anko kwa kuingia mtandaoni! Nimekuambatishia picha kadhaa za chuo." Megabaiti tatu. Na picha ikifungwa ndani ya barua pepe inanenepa theluthi moja njiani, kwa hiyo hesabu megabaiti nne. Ule wimbo wa dakika arobaini, ila huu hauimbi.

Asilimia tisa. Asilimia kumi. Mama Kulwa akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Kulwa, mama anauliza."

"Anauliza nini?"

"Anataka kupiga Sengerema kuwaambia amefika salama. Anauliza huyo mgonjwa wako anamaliza saa ngapi."