Sumaku Yangu Mwongo

Kisu chenyewe nilikichonga kutoka kwenye tupa chakavu. Niliipasha moto mpaka ikawa nyekundu, nikaifukia kwenye majivu ilale humo usiku kucha ilainike, kisha wiki mbili nikawa nakata na kupiga msasa. Kilichobaki ni kukigumisha: chuma kiive kwenye makaa mpaka nyuzi 800 hivi, kizamishwe kwenye mafuta ya uvuguvugu, basi.

Kipimajoto cha moto wa namna hiyo sina. Lakini wahunzi wana ujanja: chuma kikifika kama nyuzi 770, sumaku haikinasi tena. Ikigoma, unaongeza moto kidogo, unazamisha. Nikachukua sumaku ndogo niliyoichomoa kwenye kompyuta mbovu, zile ambazo zikikubana kidole unamtaja marehemu bibi.

Nikapuliza makaa. Chuma kikaanza wekundu. Nikagusisha sumaku: ta! Ikanasa kama kupe, nikahangaika nayo kwa koleo mpaka ikabanduka. Nikapuliza tena. Ikanasa, ila kinyonge. Naam, tunakaribia! Mara ya tatu haikunasa kabisa. Nikazamisha. Mafuta yakatoa kamoshi kembamba, moto wala haukuruka. Nikajisifu: huo ndio utulivu wa fundi.

Chuma kigumu ukikipitishia tupa, tupa huteleza kama juu ya kioo. Changu kililika kama sabuni.

Nikarudia. Safari hii sumaku ilisema "tayari" kabla hata jasho halijanitoka. Nikarudia tena, ikasema tayari na chuma bado cheusi! Nikajua makaa yangu yamekolea kweli kweli. (Kwa nini sikuijaribu sumaku kwenye msumari kwanza? Usiniulize.) Nilipojaribu kukata kamba, makali yakajikunja. Kamba haikuchubuka.

Nikaingia ndani kumweleza mama watoto jinsi watengenezaji wa tupa walivyo matapeli: wanagumisha ngozi ya juu tu, ndani chuma laini! Tupa za hivyo zipo kweli, ndiyo maana hotuba ilininogea. Nilikuwa nimefika kwenye kuporomoka kwa uaminifu duniani wakati binti yangu alipookota sumaku mezani abandike mchoro wake kwenye mlango wa friji. Mchoro ukaanguka. Akabandika tena. Ukaanguka.

"Baba, hii imekufa."

Nikanyamaza. Sumaku za aina ile nyingi zikipita nyuzi 80 huanza kuishiwa nguvu, na mimi nilikuwa nimeibandika kwenye chuma chekundu nikaiacha ing'ang'anie huku natafuta pa kushikia koleo. Mara zote tatu iliponiambia chuma kimeiva, iliyoiva ilikuwa yenyewe.

Mama watoto hakucheka. Aliendelea kukunja nguo, akauliza taratibu:

"Na wale matapeli wa tupa, baba watoto, unawaomba radhi lini?"